Joburg 2010: Nilimwahidi fundi mwenzangu kwamba seti ya tano ikiisha tunaenda hospitali

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila hii nimekaa nayo miaka mitatu, na kila nikiisimulia kijiweni watu wanadhani natia chumvi. Naiandika kama ilivyokuwa. Ndani yake kuna uongo mmoja tu, ni wangu mimi, na tukifika hapo nitawaonyesha.

Ni Juni 2010, Johannesburg, Kombe la Dunia limepamba moto.

Kama hukuwepo, jua tu kwamba mji ulikuwa umepagawa. Vuvuzela kuanzia asubuhi. Bendera kwenye vioo vya magari. Ukisimama kwenye robot kusubiri taa ya kijani, kuna mtu anakuuzia jezi dirishani.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Nilikuwa nafanya kazi Turffontein, kusini mwa mji, karibu na kiwanja cha mbio za farasi. Kiofisi chetu kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mzee mmoja Mkongo wa Lubumbashi, nitamwita Papa Ilunga. Yeye na mashine yake, mimi na yangu, tunatazamana kutwa nzima.

Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga. Ya umeme hataki hata kuiona, anasema motor inashona kabla wewe hujaamua. Mguu wake wa kulia ndio ulioongoza kila kitu pale. Suti za harusi za Wakongo na Warundi wa Rosettenville nusu yake zilipita chini ya mguu ule.

Alikuwa anaishi na binti yake, Gisèle, msichana wa miaka ishirini hivi, mwanafunzi wa chuo. Mama yake alishafariki. Gisèle Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Mwanzoni nilikuwa naona dharau, baadaye nikazoea.

Sasa, Papa Ilunga alikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu kwa mzee wa Kikongo: tenisi.

Baba yake zamani alikuwa fundi wa klabu ya kampuni moja ya madini kule kwao. Kazi yake ilikuwa kuwashonea Wazungu suruali nyeupe za kuchezea, na Papa akiwa mdogo anakaa pembeni ya uwanja anaokota mipira. Basi ikamwingia. Kila mwaka ikifika Juni, yale mashindano ya London ya kwenye nyasi, Wimbledon, ambapo wachezaji wote lazima wavae nyeupe, hapo usimwambie kitu. Anaangalia mpira, anaangalia na mishono.

Yaani Kombe la Dunia liko mtaani kwetu, watu wamepanda ndege kulifuata, na sisi kwenye TV yetu tunaangalia wanaume wawili wamevaa kaptura nyeupe. Nilikuwa nanuna. Lakini TV ni yake, nyumba ni yake.

Pamoja na tenisi, alikuwa na sukari.

Wenye wagonjwa wa sukari nyumbani mnajua, miguu inakufa ganzi. Papa alikuwa anapenda kukanyaga mashine bila kiatu. Wiki moja kabla ya mkasa wenyewe, sindano ya mashine ilivunjika, kipande kikaanguka chini, akakikanyaga. Hakusikia kitu. Alitembea nacho, nadhani, siku nne. Gisèle ndiye aliyeona soksi ina damu.

Akaosha, akafunga kitambaa, akasema yameisha.

Hayakuisha.

Jumanne jioni tulikuwa tunaangalia mechi ya raundi ya kwanza ya hao jamaa wa nyasi. Mmarekani mmoja mrefu mno, kavaa kofia nyuma mbele, dhidi ya Mfaransa mwembamba. Mechi ya kawaida kabisa, ya kiwanja kidogo, hata majina yao mimi sikuyajua. Mchana ule ule Bafana Bafana, timu ya Afrika Kusini, walikuwa wameifunga Ufaransa na bado wakatolewa, mtaa mzima umenuna. Papa akasema huyu Mfaransa wa tenisi njo ataondoa ile haya ya kufungwa.

Seti ya kwanza akachukua Mmarekani. Ya pili na ya tatu Mfaransa. Ya nne Mmarekani. Giza likaingia London, wakaahirisha. Seti ya tano, ya kuamua, kesho yake.

Naomba mnisikilize hapa, maana ndipo nilipojikwaa.

Papa alikuwa amenifundisha kidogo jioni ile. Seti inakwenda mpaka gemu sita. Wakifungana sita kwa sita wanacheza kitu kifupi kinaitwa tai-breki, dakika chache tu, anayeshinda kachukua seti. Na kweli, seti ya tatu na ya nne zote ziliisha hivyo mbele ya macho yangu. Nikajiona nimeshaujua mchezo.

Wakati tunaangalia, kile chumba kilikuwa kinanuka. Nilidhani ni parafini ya hita. Gisèle akainama, akafungua kitambaa cha baba yake. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi.

Jumatano asubuhi tulimpeleka kliniki. Sista mmoja mtu mzima, mama wa Kizulu, akaangalia, hakusema maneno mengi. Akaandika barua, akaniwekea mkononi mimi, sio Papa. Akasema hospitali, leo. Akarudia: leo. Akasema kikipanda kwenye mguu, watakata mguu.

Tukarudi nyumbani kuchukua blanketi na dawa zake. Papa akaingia, akakaa kwenye kiti chake mbele ya TV, akasema haendi.

"Bwana Tanga, bale banganga ba hospitali miye nabajua. Banaanza na kidole, banamaliza na muguu."

Alikuwa na sababu. Rafiki yake fundi viatu aliingia hospitali na kidonda, akatoka kwenye kiti cha magurudumu. Miezi michache akafa. Papa ndiye aliyemshonea suti ya kuzikiwa.

Gisèle akalia, akabembeleza, akapiga magoti. "Papa, please. Please, Papa." Mzee kaangalia TV iliyozimwa.

Mimi nina hasira za karibu, nikamfokea kwamba anataka kumwacha mtoto yatima. Ndipo aliposema, taratibu kabisa:

"Unipatie ile seti ya tano. Seti moja tu. Ikiisha, unipeleke kwenye unapenda."

Nikapiga hesabu. Mchezo unaanza saa tisa alasiri kwa saa zetu. Seti za jana zilichukua nusu saa, ndefu kabisa kama saa moja. Saa kumi wamemaliza, saa kumi na nusu tuko hospitali. Kumbeba kwa nguvu mzee wa watu nisingeweza, na hata ningeweza isingekuwa heshima.

Nikaona huu ni ushindi. Nikasema sawa, Papa.

Akachukua chaki ya kukatia, ile bapa ya fundi, akaivunja vipande viwili, kipande kimoja akanipa. Pale ofisini kwetu hiyo ndiyo ilikuwa saini. Mteja akisema anataka nguo Ijumaa, Papa anavunja chaki, mnabaki kila mtu na chake mpaka nguo itoke. Miaka mitatu niliyokaa naye sikuwahi kuona chaki imevunjwa halafu neno likaanguka. Nikaitia mfukoni nikiwa natabasamu. Mjinga mimi.

Saa tisa na dakika tano wakaanza.

Mmarekani anaanzisha kwanza, anashinda gemu yake. Mfaransa anaanzisha, anashinda yake. Hakuna wa kumsogeza mwenzake. Mpira unapigwa mara moja, umepita, haurudi. Gemu zinakwenda haraka, nikafurahi.

Tano kwa tano. Sita kwa tano. Sita kwa sita.

Saa ilikuwa haijafika hata kumi. Nikasimama, nikavaa koti, nikamwambia Gisèle alete barua ya sista. "Tai-breki hii, dakika kumi tunatoka."

Papa hakugeuka. "Kaa, Bwana Tanga. Seti ya tano haina tai-breki hapa Wimbledon. Banacheza mpaka moja amuzidi mwenzake gemu mbili."

Nikasema haiwezekani.

"Iko vile."

Nikamuuliza alijua tangu saa ngapi. Akasema tangu yuko mtoto.

Wakuu, nilisikia damu inanipanda kichwani. Mzee alinitega mchana kweupe, na chaki akanipa. Nilitoka nje nikatembea mpaka duka la spaza na kurudi, maana ningebaki mle ndani ningemtukana mtu mzima.

Niliporudi ilikuwa tisa kwa tisa.

Kumi kwa kumi. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mtaani makelele, England wanacheza, baa ya kona imefurika. Sisi wanaume wawili na msichana mmoja tumekaa kwenye baridi ya Juni, hita inaunguruma, tunaomba mtu yeyote ashindwe.

Niwaeleze kwa nini ilikuwa inaumiza. Kwa vile Mmarekani ndiye aliyeanza, kila mara yeye anatangulia kwa gemu moja, halafu Mfaransa anaanzisha akijua akiipoteza hii, kwaheri. Anaokoka. Mmarekani anatangulia tena. Anaokoka tena. Papa alikuwa ameshika goti la mguu mbovu kwa mikono miwili, na kila Mfaransa akianzisha mpira vidole vyake vinakuwa vyeupe.

Mimi nilikuwa namwombea Mfaransa apoteze. Gemu moja tu, tuondoke. Na naona aibu kwa sababu nilikuwa namwombea kwa moyo wote.

Kumi na tano kwa kumi na tano, Gisèle akamshika baba yake paji la uso. Akanitazama. Mzee alikuwa na homa, anatetemeka na blanketi juu. Kidole cha pili, cha pembeni ya kile cheusi, kilikuwa kimeanza kuwa zambarau. Asubuhi hakikuwa hivyo, nilikuwepo, niliona.

Nikapiga magoti mbele yake. "Papa, tuvunje chaki nyingine. Tutasikiliza matokeo njiani."

Akanishika mkono, mkono wake unawaka. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia hata mwanaye. Usiku wa Jumanne, baada ya kuahirishwa, alikuwa ameomba. Alimwambia Mungu: huyu Mfaransa akishinda, na mimi nitabaki na muguu. Akishindwa, nimeelewa.

Sasa nikajua kwa nini hatoki. Kwake yeye, hospitali haikuwa inaamua kitu. Mguu wake ulikuwa kule London kwenye nyasi, na kutoka kabla ya mwisho ni kuuacha uwanjani.

Mkimwona mjinga, poa. Mimi nilimhurumia.

Saa kumi na moja na robo akaja Kiprono.

Huyu ni Mkenya, anafanya kazi benki Sandton, mteja wetu. Alikuwa na tiketi ya Ghana na Ujerumani jioni ile, uwanja hauko mbali na kwetu, na asubuhi nilikuwa nimempigia simu atusaidie gari, kwa sababu Papa kwenye teksi za kujazana asingeweza kukaa. Akakubali mara moja, aje saa kumi, foleni ikamchelewesha. Suti yake ya harusi ilishonwa na Papa.

Aliingia amejipaka rangi za Ghana usoni, anacheka. Alipomwona mzee akaacha kucheka.

Akanivuta pembeni. "Buda, huyu mzee ni mgonjwa sana. Mimi saa kumi na mbili lazima niwe nimetoka hii area, wakishafunga barabara za stadium hakuna gari itapita hapa. Na si mimi pekee, hata ambulance itasumbuka."

Kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Ishirini kwa ishirini.

Papa sasa alikuwa anaongea na TV kwa Kifaransa, maneno yanagongana. Gisèle amesimama mlangoni na koti la baba yake mkononi, analia bila sauti.

Kipande cha chaki kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikishika. Nikafikiri kumbeba. Nikafikiri atakavyopiga kelele, atakavyokataa kusaini hospitalini, maana bila saini yake hakuna daktari atakayemgusa. Alitakiwa aende mwenyewe.

Nikaingia koridoni kwenye boksi la umeme, nikashusha swichi kubwa.

TV ikafa. Taa ikafa. Jua nalo lilikuwa linazama, chumba kikawa cha kijivu.

"Umeme umeisha?" Papa akauliza. Umeme wetu ni wa kununua kabla, ukiisha unaisha tu. Sikumjibu. Akasema, "Ishirini na moja kwa ishirini na moja! Kiprono, mwanangu, simu yako haina intaneti?"

Kiprono akatoa simu, akabonyeza, akasema network imejam, watu wengi wako stadium. Nikamwambia lete, nje inashika.

Nikatoka mpaka getini. Baridi ilikuwa inauma. Ukurasa ukafunguka polepole, mstari kwa mstari. Mmarekani 22, Mfaransa 21. Bado wanacheza.

Nilisimama pale getini dakika tano nzima. Nasema tano kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya simu ile. Nilijua nikirudi na ukweli, hatoki. Nilijua pia mzee yule ana watu wawili tu duniani wa kuwaamini, na mmoja ni mimi.

Nikaufunga ule ukurasa. Nikarudi ndani.

"Imeisha, Papa. Mfaransa kashinda. Ishirini na tatu kwa ishirini na moja."

Huo ndio uongo wangu, wakuu.

Akanitazama muda mrefu. Papa akikagua mshono anauvuta huku na huku kuona kama utaachia, na ndivyo alivyonitazama.

"Alivunja gemu ya Mmarekani?"

Kuvunja ni kushinda gemu aliyoanzisha mwenzako; sikuwa na uhakika hata jibu sahihi ni lipi. Nikasema, "Alivunja. Halafu akashinda ya kwake."

Papa Ilunga akaanza kulia. Mzee wa miaka sitini na kitu, analia na kucheka, anasema merci, merci, anajipiga goti. Akainuka mwenyewe! Akamnyooshea Gisèle mikono amvalishe koti. Akatembea mpaka kwenye gari, anachechemea, anamsifia yule Mfaransa njia nzima. Mimi nimekaa nyuma na Gisèle.

Gisèle aliniambia kitu kimoja tu tukiwa njiani, kwa sauti ya chini, Kiingereza chake kile: "I saw your hand on that switch." Halafu akanishika kiganja.

Kiprono alitushusha mlangoni saa kumi na mbili kasoro, akakimbilia mpira wake.

Pale hospitalini walimwona upesi kuliko nilivyotarajia. Barua ya sista ilisaidia. Daktari, kijana wa Kihindi mwenye macho ya usingizi, akasema wanamwingiza leo leo. Kidole cheusi kinatoka, na cha pili hakiponi tena. Kuhusu mguu, akasema watasafisha, halafu kesho jioni wafungue bandeji waone kama damu inafika. Ikifika, mguu unabaki. Isipofika, watapanda juu.

Papa akasaini huku anatabasamu. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo. Alishapewa jibu lake.

Nikajisemea potelea mbali, kesho nikipata nafasi nitaungama. Mechi yenyewe itaisha muda si mrefu, ya raundi ya kwanza, kiwanja kidogo, nani ataikumbuka?

Saa tatu kasoro, mimi na Gisèle tuko kwenye benchi, SMS ya Kiprono ikaingia kutoka stadium.

"Buda si ulisema ile game iliisha? Jamaa hapa ananiambia bado wanacheza. 47-47. Ati mpaka ubao wa matokeo umezima."

Niliisoma mara tatu.

Arobaini na saba kwa arobaini na saba! Baadaye wakafika hamsini na tisa kwa hamsini na tisa, giza likaingia, wakaahirisha mara ya pili. Mechi ndefu kuliko zote tangu watu waanze kucheza tenisi. Katika mechi zote za dunia hii, mimi nilikuwa nimedanganya kuhusu hiyo.

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa kila mahali. Redioni. Kwenye magazeti, yamebandikwa kwenye nguzo za barabarani. Mama muuza matunda ambaye hajui raketi ni kitu gani ananiuliza, "Eish, umesikia wale watu wa London?"

Nilishindwa kula. Niliona mguu wa mzee umeshikwa na uongo wangu, uongo wenyewe unatangazwa dunia nzima.

Nilifika wodini mchana, saa za kutazama wagonjwa. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaingia, nikayasahau yote.

Ukutani kulikuwa na TV ndogo. Papa ameegemezwa mito, mguu umefungwa bandeji nene, Gisèle pembeni yake ameinamisha kichwa. Kwenye kitanda cha jirani kuna gazeti limefunguliwa ukurasa wa michezo.

Papa hakunitazama. Akaonyesha kiti kwa kidole.

Nikakaa.

Saa kumi na dakika arobaini wanaume wale wawili wakarudi kwenye nyasi. Wodi nzima inaangalia, hata sista wa zamu alisimama na trei ya dawa mkononi, akajifanya haoni kwamba muda wa wageni umekwisha.

Sitini kwa hamsini na tisa. Sitini kwa sitini.

Papa hakuisemesha TV kama jana. Mikono yake imetulia juu ya shuka. Mimi sasa nilikuwa nimegeuka kabisa, namwombea Mfaransa kwa nguvu zangu zote, naahidi nitafunga, naahidi sijui nini. Mtu akinitazama angedhani jamaa ni ndugu yangu.

Sitini na tano kwa sitini na tano.

Sitini na nane kwa sitini na nane.

Mmarekani akatangulia, sitini na tisa. Mfaransa akaanzisha kama alivyoanzisha mara zote zile. Safari hii mpira ukarudi. Ukarudi tena. Mmarekani akaupiga mmoja ukapita pembeni kwenye mstari, akaanguka chali kwenye nyasi.

Sabini kwa sitini na nane.

Wodi ikapiga makofi. Mfaransa amekaa kwenye kiti, kafunika uso na taulo.

Papa akageukia ukutani.

Gisèle alimwita, hakugeuka. Nilimwita, hakugeuka. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Alikuwa amesema mwenyewe: akishindwa, nimeelewa. Nilitamani ardhi inimeze, naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotamani.

Yule daktari alikuja baada ya nusu saa. Akavuta pazia, akatuambia tunaweza kubaki. Akafungua bandeji taratibu, safu kwa safu. Mimi niliangalia dirisha.

Nilimsikia anabonyeza. Anabonyeza tena. Akamwita sista amshikie taa.

"It's warm," akasema. "It's nice and pink." Yaani mguu unabaki.

Gisèle akapiga ukelele, akaziba mdomo. Mimi nikajikuta nimekaa kwenye kitanda cha mtu mwingine.

Papa akageuka kutoka ukutani. Akautazama mguu wake kwa muda, vidole vitatu, mahali pa viwili pamefungwa. Akautazama kama nguo ya mteja iliyorudi. Halafu akanitazama mimi, mara ya kwanza siku ile.

"Ile ishirini na tatu kwa ishirini na moja. Ulitunga weye mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, Papa, nikaanza kuomba radhi, maneno yanatoka hovyo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kama ulijua utanidanganya, juu ya nini haukunidanganya saa tisa?"

Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

Alirudi kwenye mashine yake baada ya miezi mitatu, kwa kiatu cha kushonesha. Anakanyaga mpaka sasa, na chaki tunavunja kama kawaida. Hajawahi kulirudia swali lile.

Nilimuuliza yule daktari kama masaa yale ndiyo yaliyokula kidole cha pili. Akasema hawezi kujua. Ila asubuhi ya Jumatano kilikuwa na rangi yake. Kile cha kwanza kiliondoka na sindano. Cha pili nakihesabu ni changu.

Nilichojifunza: usimpe mgonjwa ahadi inayotegemea kitu ambacho huzijui sheria zake. Na ukishaona ahadi yako inamuumiza mtu, usikae unaipigia saluti ili wewe uonekane muungwana.

Wakuu, uwanja ni wenu, na matusi nimeyatandikia mkeka. Ila msipoteze muda kuniuliza kama ilikuwa halali kumdanganya mzee, hilo nilishalimaliza mwenyewe. Niambieni ningemdanganya saa ngapi.